Fundo Ambalo Nakhisa Hakulikalia

Kila Jumamosi Nakhisa, msichana wa miaka kumi na miwili, aliondoka Kawempe asubuhi na mjomba wake Makokha kwenda kazini. Mjomba alipunguza matawi ya miti mirefu, na kwa kazi hiyo alijulikana.

Alipanda kwa kamba mbili. Kamba kubwa ilipitishwa juu ya tawi nene. Kamba ndogo ilizungushwa kwenye ile kubwa kwa fundo la kubana na kuunganishwa na mshipi wake. Fundo hilo lilisukumwa juu kwa mkono, lakini mtu akiliachia uzito wake lilibana na kumshikilia. Lisipobana, ole wake!

Siku hiyo walifika Old Kampala kwa Bi Aminah, ambaye mfenesi wake ulikuwa umeinamia nyumba. Fenesi moja lilikuwa limekwishatoboa bati la paa.

"Leo chagua wewe kamba ndogo," mjomba alimwambia. "Funga fundo, kisha ulikalie."

Kulikalia kulikuwa na maana ya kuning'inia karibu na ardhi kabla mtu hajapanda. Nakhisa akavimba kichwa. Katika mfuko wa vifaa mlikuwa na kamba ndogo mbili: ya zamani, iliyofifia, na mpya ya plastiki aliyoinunua mwenyewe sokoni Kalerwe. Akachukua mpya, akafunga fundo. Fundo liliteleza juu vizuri mno, akaridhika. Tena, nje ya lango wasichana walikuwa wakiruka kamba, naye alitamani kuwawahi.

"Umelikalia?" mjomba aliuliza, akifunga mshipi.

"Ndiyo, mjomba."

Makokha akashika kamba, akainua mguu. Nakhisa akamkimbilia. Alimpenda mjomba huyo kuliko mchezo wowote.

"Mjomba, ngoja! Nimesema uongo. Sikulikalia!"

Makokha akashusha mguu, akavua mshipi bila kufoka. "Haya, likalie sasa."

Nakhisa akafungwa mshipi, akakunja magoti. Fundo likateleza, naye akaketi chini kwa kishindo.

"Bambi, maskini! Mwana, umeumia?" Bi Aminah alipiga kelele.

"Matako tu, nyabo," Nakhisa alimjibu bibi huyo kwa heshima, na wote wakacheka. Lakini alipotazama tawi lile la juu, kicheko kikamwisha.

Akafungua kamba ya plastiki, akachukua ile ya zamani. Aliikagua kwa vidole: ilikuwa imara, tena ilikwaruza kidogo. Akaizungusha, akakaza, akaning'inia. Fundo likabana. Akajitikisa kwa nguvu zote, halikusogea.

"Kamba inayong'aa huteleza," mjomba alisema. "Kuchagua vibaya si aibu, fundo lingekuonyesha kosa lako ukiwa chini. Lakini ulipodanganya, ulitaka nilione mimi nikiwa juu. Ukweli wako umeniokoa, mwanangu. Usiucheleweshe tena."

Kisha akavaa mshipi. "Umelikalia?"

"Nimelikalia, mjomba."

Makokha akaanza kupanda. Wasichana walimwita Nakhisa langoni, lakini hakuondoka chini ya mfenesi mpaka mjomba aliposhuka.