Jina Chini ya Wamae

Mstari mmoja ulikuwa umezidi. Wamae aliuona asubuhi, chai yake ikiwa bado moto, katika ofisi yao ya ghorofani mjini Nyeri. Chini ya jina lake, mahali pasipofaa kuwa na mtu yeyote, palikuwa na jina: Nduta.

Alikuwa akitengeneza tovuti ya ukoo wao, itakayoonyeshwa kwenye mkutano wa mbari huko Othaya. Watu wote walikuwa wamehifadhiwa kama mti: mzazi, ndani yake watoto, ndani ya watoto wajukuu. Kazi yake ilikuwa kuwatoa humo na kuwapanga katika safu moja. Aliandika kipande cha programu kinachojiita chenyewe: kinaandika jina la mtu, kinaingia kwa watoto wake, kinajiita tena, mpaka kimfikie asiye na mtoto, ndipo kirudi juu. Ni kazi ya kawaida, hata mwanafunzi anaiweza.

Nduta lilikuwa jina la mama yake. Kwa desturi, binti wa kwanza wa Wamae ndiye angelirithi, na kila Krismasi mama alilalamika kwamba binti huyo bado hajazaliwa. Hakujua kwamba alishazaliwa. Shiku wa Mukurweini alimzalia Wamae mtoto walipokuwa chuoni, akampa jina hilo hilo, akatuma habari. Wamae alijibu kwamba mtoto si wake. Nimonia ikamchukua mtoto kabla hajajua kutembea, na Wamae hakwenda kuzika. Aliona aibu wakati ule, na bado aliiona.

Alilifuta jina. Alipoendesha programu tena, likarudi, na ndani yake mlikuwa na Nduta mwingine, na ndani ya huyo, mwingine. Feni ya kompyuta ikaanza kukohoa.

"Unasikia hiyo?" Rowda, mwenzake wa ofisini, aliuliza kwa sauti ya chini. Rowda alitoka Nanyuki, kwa wauza ng'ombe. "Ni kama mtoto."

"Ni vumbi tu."

Alijua si vumbi. Harufu ya mafuta ya watoto wachanga ilikuwa imejaa chumbani, ukungu umebana madirisha, na majina yakaendelea kushuka, Nduta ndani ya Nduta ndani ya Nduta, programu ikizidi kuzama na isirudi, kikohozi sasa kikitoka chini ya meza, karibu kabisa na magoti yake, hata Wamae, mtu mzima mwenye ndevu, akainua miguu na kuikunja juu ya kiti, kisha akaona haya kwamba Rowda amemwona.

"Hii si bug, si makosa ya programu," Rowda alinong'ona. "Hii ni kitu imefungiwa nje. Kwetu, jini kama hii haifutwi. Huyo mtoto ni wa nani, Wamae?"

"Sijui."

"Kama ni wako, sema tu ni wako. Pengine itarudi ilikotoka."

Mlango ukafunguliwa. Mama yake alikuwa ameahidi kupitia aone kazi ilipofika. Aliketi, akavaa miwani, akatazama kioo cha kompyuta kwa muda mrefu.

"Wamae, huyu ameandikwa jina yangu ni nani?"

Rowda alimkazia Wamae macho. Neno lenyewe lilikuwa fupi, "wangu", na lilimfika hadi kwenye ulimi. Aibu ikalirudisha tumboni.

"Ni makosa ya kompyuta, mami."

Kikohozi kikakatika. Majina yakaanza kutoweka kutoka chini, moja baada ya jingine, mpaka safu ikawa safi na chini ya Wamae hakuna mtu. Akashusha pumzi. Hata akajaribu kutabasamu.

Mama hakuwa akitazama kioo tena. Alikuwa ameinama kando ya kiti, vidole vyake vimefumbata kitu kisichoonekana.

"Kama ni makosa," akasema polepole, "mbona kuna mtoto hapa ananiita cucu, ati mimi ni nyanya yake? Na mbona mkono yake ni baridi hivi?"