Jina Kwenye Mtutu

Dukani kwa Mwinshehe palianza kunuka baruti mchana kweupe, na hakuna aliyefyatua kitu. Mkewe, Sihaba, alinusa mifuko ya saruji, akanusa makopo ya rangi. Harufu ilitoka kwenye bunduki za marisau zilizotundikwa ukutani.

Bunduki zenyewe sasa! Kiwanda cha Ulaya kilimwundia mwenye duka yeyote, kikagonga kwenye mtutu jina alitakalo. Mwinshehe akataka lake. Tangu hapo Bagamoyo hakuna aliyepumua kwa majigambo yake: "Nimeziunda mimi, kwa mikono hii!" Mikono ipi, jamani? Hata msumari wa chandarua aliugongomea Sihaba, maana bwana huyo akishika nyundo huponda kidole. Debe tupu haliachi kuvuma.

Wiki ile mkulima mmoja wa Makurunge, Bwanaheri, alimpiga nguruwe kwa bunduki ya duka hilo, ndani ya kichaka cha mzimu. Nguruwe akalia, "Mama!" Kisha hapakuwa na nguruwe wala damu. Bwanaheri akaitupa bunduki, akakimbia.

Ikaokotwa, na si na mtu. Baada ya alasiri Sihaba alisikia nyuma ya mabati sauti ya mwanamke kama anayejifunza kusoma, akiburura, "Mwi... nshe...", na kila alipoongeza kipande harufu ilizidi kumkaba koo, na mitutu ukutani ikawa inageuka, taratibu, bila mkono wa mtu, ikimwelekea mumewe aliyekuwa akipima misumari na kujisifu.

Bimdogo, mganga aliyeitwa kutoka Mlingotini, alifukiza ubani, akanong'ona: "Jini amefiwa na mwanawe. Aliyefyatua yeye hamjui, anajua tu jina alilosoma kwenye mtutu. Bwana, sema mbele ya watu kwamba hukuziunda wewe. Atakwenda kuuliza hukohuko Ulaya."

"Sema, mume wangu," Sihaba alimnong'oneza. "Utakufa."

Mlangoni walisimama wanunuzi kutoka Pangani. Mwinshehe akawatazama, akatunisha kifua.

"Nimeziunda mimi, kwa mikono hii!"

Harufu ikakatika.

"Mmeona? Kakimbia!" Akacheka, mpumbavu. Bimdogo akabeba chetezo chake, akaondoka bila kuaga.

Alfajiri Mwinshehe hakuamka. Mzee Mbaruku, aliyeongoza kuosha maiti, alitoka chumbani.

"Bibie, mgongoni pana maandishi. Yamebonyea kama yamegongwa kwenye chuma. Tumesugua, hayatoki."

"Jina lake?"

"Ndilo."

Sihaba alikuwa analia, na kilio kilikuwa cha kweli. Hata hivyo midomo ilimbetuka.

"Mvikeni sanda. Si alilitaka mwenyewe?"