Machozi Hayaongezi Maksi

"Ukilidondosha hilo trei, umefeli!"

Wajukuu zangu mnaonisoma, maneno hayo yalisemwa kwa kunong'ona, sauti nisiitambue, nyuma ya pazia la kitanda changu hospitalini...

Nilikuwa nimetoka kupasuliwa goti. Walidhani bado nimelewa dawa ya usingizi.

Nikafumbua jicho moja. Kwenye upenyo nikaona mikono miwili imenyooshwa mbele, imebeba trei la vyuma. Inatetemeka!

Niliijua mikono ile. Ni ya binti wa chuo cha uuguzi, aliyeletwa wodini kujifunza kazi. Asubuhi aliisugua kwanza ikapata joto, ndipo akanigusa.

"Sista, niliuliza tu kipimo cha dawa ya bibi..."

"Mbele ya daktari? Unaniumbua?"

"Sikuwa na uhakika, sista. Ningemzidishia."

"Funga mdomo! Nani anakupa maksi hapa?"

"Ni wewe, sista."

"Basi lia mpaka uchoke. Machozi hayaongezi maksi!"

Jamani...

Maneno hayo nilishayasikia! Enzi binti yangu anasomea uuguzi, alikuwa akiyasema usingizini, anaweweseka, mimi nimemshika mkono hadi atulie. Muuguzi aliyemtesa hakuna aliyemgusa.

Kumbe mtu huyo bado yupo?!

Nikalivuta pazia.

Hakuwa yeye.

Alikuwa binti yangu wa kumzaa!

"Mama?! Umeamka?"

"Mpokee mwenzio hilo trei."

Akalipokea. Yule mtoto viwiko vilikuwa vimekakamaa, hata havikukunjika...

"Mama, haya ni mambo ya kazi. Mimi nilifundishwa hivihivi, na mbona nimekuwa mtu?"

"Umekuwa nani, mwanangu?"

Akachungulia koridoni.

"Usimwambie matroni, mama. Nakuomba! Watanivua cheo."

"Na huyu asiye na mama humu ndani, amwombe nani?"

Matroni alipopita nilimweleza yote. Binti wa chuo akapewa msimamizi mwingine. Na ikaamuliwa kwamba mwanafunzi akionewa, asipeleke malalamiko kwa yule yule anayempa maksi.

Mwanangu akavuliwa usimamizi.

Sasa namsikia akipita koridoni. Viatu vyake navijua. Vikifika mlangoni pangu vinasita... halafu vinaendelea.

Nampenda, na moyo unaniuma. Lakini wajukuu zangu, mkikabidhiwa mwanafunzi, mwacheni aulize. Akiogopa kuuliza, atakisia.

Siku ile angekisia dawa yangu.