Mahari ya Kicukiro

Twahiru alikuwa fundi cherehani huko Gisozi. Ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Asubuhi moja ya mwaka 1992 alikuwa akigeuza kola ya shati huku akimtania mkewe, Mukamana. Jirani yao Évode akafika na baiskeli.

"Mzee, Uwase anakusalimia. Anasema alipata mahari Kicukiro. Iko na furaha sana!"

Twahiru akaacha kushona. Binti yake, mtu mzima, amepokea mahari bila baba kujua! Hasira zikampanda.

"Naandika wasia," akasema. "Uwase hapati kitu. Hata sindano!"

"Baba Uwase, muulize kwanza," Mukamana akamsihi.

Wapi! Alikuwa ameshatoka. Akaenda kwa Mwalimu Hamimu wa msikitini.

"Niandikie wasia. Uwase si mrithi wangu."

"Siandiki hayo, mzee wangu," Mwalimu akasema. "Kwetu Waislamu, wasia haumfuti mtoto. Mungu ameshaweka mafungu ya warithi. Ukifa, madeni yako yatalipwa kwanza. Wasia wako hauzidi theluthi ya mali, na ni kwa wasio warithi: jirani, yatima, msikiti."

"Hata mtoto akinivunjia heshima?"

"Hata hivyo. Mtoto ni wako. Mkikosana, mzungumze."

Mara Uwase akaingia, anahema. Mama yake alikuwa amemwelekeza huku.

"Baba! Évode hakukuambia? Nimepata mahali!"

"Mahali? Si mahari?"

"Mahari ya nani, Baba? Nitaolewaje bila wewe? Ni chumba cha kushonea. Kina dirisha kubwa. Macho yako yamechoka, nataka cherehani yako ikae penye mwanga."

Mwalimu akaangua kicheko, maana alimjua Évode: ulimi wake huchanganya l na r. Twahiru aliona aibu, kisha furaha ikaizidi aibu. Akamkumbatia bintiye.

"Kumbe nilitaka kumnyima sindano aliyenitafutia dirisha!" akasema.

Wiki hiyo Twahiru aliandika wasia, mbele ya mashahidi. Urithi wa watoto hakuugusa. Cherehani yake ya zamani aliwaachia yatima wa msikiti.

Baadaye walihamia Kicukiro. Uwase akatundika kibao mlangoni. Évode akasimamisha baiskeli, akakisoma kwa sauti kubwa:

"Mahari pa Twahiru na Binti!"

Twahiru hakumsahihisha. Alicheka mpaka uzi ukamtoka sindanoni.