Mguu Aliouacha Abdulrazaki

Picha ilikuwa ya zamani kuliko Stara mwenyewe, lakini asubuhi ile ilinuka rangi mbichi. Tena rangi na udi kwa pamoja, na ukumbini hakuna aliyefukiza.

Moja kwa moja akamshuku Silvano, fundi wa fremu wa Kizota, aliyekaa na picha zote kabla ya maonyesho haya ya kazi za marehemu baba yake Stara, Abdulrazaki. Kabla ya mzee huyo, hapa Dodoma kila aliyechorwa alitoka mrembo; yeye ndiye wa kwanza kuchora watu walivyo, na makunyanzi na nzi wao. Hii ilikuwa sura ya mama yake Stara, Anifa, akiwa msichana, ameketi kwenye kigoda.

"Umenibadilishia picha," Stara alimnong'oneza Silvano palepale ukumbini, maana wageni walishaanza kuingia. "Ya kweli umempa nani?"

"Haki ya Mungu, dada, ni ileile! Nimemrekebisha mguu tu. Rangi ilikuwa imebanduka, nikaona aibu wageni wamwone mama na mguu mmoja. Nilidhani utafurahi."

Haikubanduka. Kila aliyemchora, baba yake alimwachia mguu mmoja bila rangi, turubai tupu, na nyumbani walijua kwa nini: mtu akikamilika pichani, jini humvaa, hushuka naye na kwenda kumtafuta mwenye sura. Walimcheka sana mzee kwa hilo.

"Lete tapentaini," alisema. "Tuufute sasa hivi."

Wakageukia ukutani. Kigoda kilikuwepo, na nzi wake, lakini aliyeketi hakuwepo, na kutoka chini ya fremu alama za unyayo mmoja, wa kulia tu, za rangi ambayo bado haijakauka, zilikatiza sakafu katikati ya wageni waliokuwa wakicheka na kupigana picha, zikatoka mlangoni, zikashika njia ya magharibi, upande wa Zuzu, ambako mama yake alikuwa peke yake.

Simu iliita muda mrefu.

"Shikamoo mama. Usimfungulie mtu!"

"Marahaba. Mbona unahema? Mgeni ameshaingia, binti mzuri tu. Sura yangu kabisa ya usichana, nikajua huyu wa kwetu Kondoa. Hasemi kitu. Ila mguu wake umenichafulia mkeka."

"Mama, toka nje!"

"Subiri kwanza, anafunga mlango."