Mkono Uliokuwa Darajani

Jua lilikuwa linazama nyuma ya maghala ya Freezone, Dubai, Zadock, kibarua wa ghala, alipotumwa akafunike jiwe.

"Yalla, haya, mzee wa Italia," Hafiz, dereva wa foklifti, Mswahili wa Mombasa, alimtania. "Kawasalimie kwenu."

Teresiah wa usafi akacheka. Zadock akatanua kifua. Kwa kicheko kile, mwanaume angebeba ghala zima kichwani.

Jiwe lilitoka Vadorena, kamji ka Italia, linaenda kupamba hoteli. Mwenye mzigo, sir Severino, alishamsimulia Zadock yote. Mto umeuzunguka mji pande tatu kama nyoka aliyeshiba. Soko liko chini kuliko mto wenyewe, tuta la udongo ndilo linazuia maji. Mabwana wa zamani walichinjana miaka na miaka kwa ajili ya daraja moja tu. Na kila mafuriko yakija, watu huchonga mstari ukutani pale maji yalipofika. Jiwe lilikuwa na mistari hiyo. Wa juu ulimpita mtu kichwa.

Basi Zadock akauchukua mji mzima, akaufanya wake. Akawaambia wenzake aliishi huko. Usiku wa mafuriko makubwa alisimama darajani, akavuta watu arobaini kwa mkono huu mmoja. Teresiah alimpikia chapati wiki nzima.

Akaingia ghalani na turubai lake.

Harufu ya tope. Dubai hii, kiangazi, mate yenyewe yanakauka mdomoni... tope?

Tip... tip...

Kando ya jiwe alisimama mwanamke. Nguo nyeusi zimemganda mwilini, zinachuruzika. Lugha yake Zadock hakuijua. Lakini kila neno lilimwingia.

"Ni wewe uliyekuwa darajani?"

Mlango nyuma ukalia. Teresiah, na kikombe cha chai. "Zadock," akanong'ona, "unaongea na nani?"

Teresiah hakumwona yule mwanamke.

Neno moja lingetosha: "Sikuwako." Zadock akamtazama Teresiah, akaitazama ile chai.

"Ni mimi," akasema.

Mwanamke akasogea.

"Mbona uliniachilia? Nilikuwa na mtoto."

Uso ukamwaka aibu, kama kweli alifanya.

"Uliteleza, mama," akajibu polepole. "Mkono uliteleza. Wewe na mtoto... nisamehe."

Kitu baridi kikamshika kiganja cha kulia. Kikabana. Kikaachia.

Mwanamke hakuwepo tena. Sakafu ilikuwa kavu.

Teresiah alikuwa ameshusha kikombe. "Mama gani, Zadock? Mtoto gani uliyemwachia maji?"

Zadock akavuta turubai juu ya jiwe. Chapati zikaisha siku hiyo hiyo.

Baadaye sir Severino alisema mstari ule wa juu ulichongwa kabla babu yake hajazaliwa. Hilo lingemsafisha Zadock kabisa. Lakini angelisema vipi, bila kukiri kwamba hakuwahi kufika huko?

Kiganja cha kulia hakijakauka hadi leo. Anafuta kwenye suruali, maji yanarudi. Akikinusa, ni tope... na kwa mbali, maziwa ya mtoto.

Kule Al Qusais, kwenye mabweni ya wafanyakazi, wanasema Zadock amekosa adabu. Anasalimia watu kwa mkono wa kushoto.