Chapa ya Mzee Meitamei

Wiki ya mitihani ya mwisho wa muhula, duka la uchapaji la Sandra pale Kitengela huwa halina pa kukanyaga. Walimu walikuwa wamejazana mlangoni, kila mmoja na flashi yake, kila mmoja akitaka ahudumiwe kwanza. Kwenye kompyuta ya pembeni alikuwa Naeku, miaka ishirini na tisa, blauzi ya kijani, shanga nyembamba shingoni. Aliishi peke yake katika chumba kimoja upande wa viwanda vya EPZ, na kuna siku maneno yote aliyosema kutwa yalikuwa "upande mmoja au pande mbili?"

"Dada, umeniua."

Aliinua macho. Jamaa mrefu, mweusi tii, sweta ya kijivu yenye chaki kiwikoni, karatasi mkononi.

"Nimekuua vipi?"

"Sehemu zangu za hesabu zimeanguka. Ona hapa. Nusu imekuwa kumi na mbili. Mtoto atajibu nini?"

"Ni kompyuta, si mimi."

"Basi kompyuta ndiyo imeniua, wewe ulishika miguu."

Naeku akacheka. Alishtuka mwenyewe kusikia kicheko chake, maana alikuwa amekisahau.

Jamaa aliitwa Ondiek, mwalimu wa hesabu katika sekondari moja ya Kajiado mjini. Jumamosi iliyofuata alirudi, safari hii na shati lililopigwa pasi na diski mfukoni.

"Nimekuletea dawa ya sehemu zinazoanguka," alisema. "Ni programu ya kupanga kurasa. Inaitwa TeX, inasomwa tek. Nimeishusha wikendi tatu kwa mtandao wa shule, ni kubwa ajabu."

"Unauza ngapi?"

"Bure."

"Bure ya wapi? Mwalimu, hapa Kitengela hata maji hununuliwa."

"Bure kabisa. Kuna watu huku duniani wanaitengeneza kwa kujitolea, kila mwaka wanatoa mkusanyo mpya. Unachukua, unampa mwenzako. Na ukiwa na kitu chako kizuri, unawatumia wanakiweka ndani, kila mtu anakipata."

"Na wewe unapata nini?"

"Mimi? Napata sababu ya kuja hapa."

Wee! Naeku aliangalia kibodi kama ndiyo mara ya kwanza kuiona.

Simu zikaanza. Kila jioni saa moja, Ondiek akisahihisha madaftari Kajiado, Naeku akiwa kitandani Kitengela na sufuria ya chai.

"Umekula?"

"Nimekula chai."

"Chai si chakula, mpenzi."

Naeku aliweka sufuria chini. Lile neno lilikuwa limepita haraka, akaogopa kuliuliza lisije likarudishwa.

"Uko?"

"Niko. Sema tena."

"Chai si chakula."

"Si hiyo, wewe!"

Kisha ikaja kazi. Kikundi kimoja cha wafugaji wa Kajiado kilitaka kitabu cha chapa, zile alama ambazo ng'ombe huchomwa kwa chuma cha moto, ili mifugo ikiibwa watu wajue ni ya nani. Naeku alizichora zote kwa mkono, na Ondiek akamwonyesha jinsi ya kugeuza kila mchoro uwe fonti, mtu akiandika chapa inakaa kwenye mstari kama herufi nyingine. Walifanya miezi sita, bega kwa bega kila Jumamosi nyuma ya duka. Wenyewe wa kikundi wakakubali kazi hiyo itumwe kwa wale wa kujitolea, iingie kwenye mkusanyo. Naeku hakuwahi kuwa na furaha kama ile, na hakumwambia mtu, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumwambia ila huyo huyo Ondiek.

Siku moja alichora chapa moja zaidi, nusu mwezi na mistari miwili chini. Aliitazama hadi macho yakamjaa maji.

"Hii ni ya nani?" Ondiek aliuliza.

"Ya baba yangu. Ng'ombe wake waliisha."

Hakusema zaidi. Baba yake, Mzee Meitamei, alikuwa na ng'ombe tisini, ukame ukawamaliza wote. Ile haikuwa chapa ya ukoo, ilikuwa ya boma lao peke yao, na chapa ya boma haishikwi na mtu wa nje bila mwenyewe kusema. Kila mtoto wa Kimaasai anajua hilo. Ondiek alizaliwa Homa Bay, angejulia wapi?

Mwezi wa tatu, mkusanyo mpya ukatoka. Ondiek alipiga simu akihema kwa furaha.

"Fonti yetu imo! Fungua orodha, ukurasa wa mwisho. Nimekuwekea zawadi."

Naeku alifungua. Nusu mwezi, mistari miwili.

"Ondiek, umefanya nini?"

"Chapa ya mzee! Ng'ombe waliisha, nikaona isipotee. Sasa iko dunia nzima."

"Na leseni inasema mtu yeyote aitumie?"

"Ndiyo. Bila hivyo hawaipokei."

"Yeyote! Hata mwizi! Umechukua jina la baba yangu ukaligawa kama peremende!"

"Naeku, sikujua. Nisamehe. Nitawaandikia waitoe leo leo."

"Iko kwa diski za watu tayari! Utawafuata nyumba kwa nyumba? Usinipigie tena. Umesikia? Usinipigie."

Ondiek alipiga kesho yake, akapiga na keshokutwa. Halafu akapiga simu ya duka. Naeku alimnong'oneza Sandra, "Mwambie sipo," na Sandra akasema hivyo kwa shingo upande. Baada ya hapo simu ilinyamaza.

Mwaka mzima! Ukimya wa chumba cha mtu mmoja una kelele zake, jamani: friji ya jirani, mfereji unaodondoka, mtu anayecheka na mkewe ng'ambo ya ukuta. Saa moja ya jioni ilikuwa ikifika na Naeku anajikuta ameshika simu. Kiburi kilimwambia mwanamume anayependa atapiga tena. Lakini ni yeye aliyekuwa amemkataza.

Mwezi wa tatu ulipofika, ikaja barua pepe kutoka kwa wale wa kujitolea. Mkusanyo mpya uko tayari, walisema. Fonti ya chapa imo, ile moja imeondolewa kama Bwana Ondiek alivyoomba, naye ameagiza kwamba msimamizi wa kazi hii tangu sasa ni Naeku peke yake.

Neno hilo "peke yake" lilimchoma. Jumapili alikwenda kwa baba yake, upande wa Ilbisil, akainamisha kichwa kumsalimu, mzee akamgusa utosini. Akamweleza yote ya ile chapa, kwa aibu aliyokuwa ameibeba mwaka.

Mzee Meitamei alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaangaza macho kwenye zizi lililoota nyasi.

"Mwizi ataniibia nini hapa? Kiti?" alisema kwa Kimaa. "Nikifa mimi, nani atajua tulikuwa na chapa? Mwanangu, irudishe. Mwenyewe nimesema."

Naeku hakungoja kufika nyumbani. Alipiga simu akiwa amesimama kando ya lango la boma.

"Haloo?"

"Mwalimu. Ni mimi."

"Naeku. Habari ya siku nyingi."

"Baba amesema irudi. Nilikukosea. Ningemuuliza siku ile ile... Ondiek, uko Kajiado? Naweza kuja sasa hivi."

"Nilihamishwa. Niko Homa Bay tangu Septemba."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulisema nisipige. Siku ile ya duka nilikusikia nyuma ya Sandra, ukimwambia aseme hupo."

Naeku alifumba macho. "Mimi nikimwambia mtu aende, huwa nataka abaki."

"Ningejua hilo, ningebaki." Sauti yake ilikuwa ya upole, na huo upole ndio uliomtisha. "Naeku, mwezi wa nane naoa. Anaitwa Evalyne, tunafundisha pamoja."

"Hongera," alisema Naeku. Lilitoka kavu, lakini lilitoka.

"Utakuwa sawa?"

"Nitakula, usijali."

Wiki hiyo aliirudisha chapa mwenyewe. Kwenye fomu, mahali pa waliotengeneza, aliandika majina mawili, halafu akatuma kabla hajabadilisha mawazo. Wa kujitolea wakajibu kwa mistari miwili ya asante.

Jumapili alimpelekea baba yake orodha iliyochapwa. Mzee aliishika karibu na macho, akapitisha kidole juu ya nusu mwezi, juu ya mistari miwili, akacheka mpaka akakohoa. Naeku hakuwa amemwona akicheka hivyo tangu ng'ombe wa mwisho aanguke.

"Na huyu mwingine aliyeandikwa hapa ni nani?"

"Ni yule mwalimu, Papa."

"Amefanya kazi ya mtoto wangu wa kiume. Atakuja lini nimsalimie?"

Naeku aliikunja ile karatasi, akaifungua tena.

"Haji, Papa," alisema. "Nilimfukuza."